Mwanangu analipa SHA, nami nimo? Maswali ya wazee wa Lamu kuhusu bima ya afya

Baada ya sala ya alasiri huwa nakaa barazani na simu mbili: yangu, na ya yeyote aliyekuja kusajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali. Wazee hukusanyika mmoja mmoja. Wa kwanza huja na swali, wa pili huja na swali lile lile akidhani ni jipya. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi kila juma, na majibu kama ninavyoyatoa, ili mwenye mzazi Lamu, Faza, Mpeketoni au kule Malindi amsomee.

Kadi yangu ya NHIF bado ninayo. Inafaa kitu?

Iweke kama kumbukumbu, mzee wangu. NHIF, ile bima ya hospitali ya zamani, ilianza mwaka 1966 na sasa imefutwa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Hata kama ulilipa NHIF miaka ishirini bila kukosa, ni lazima ujisajili upya. Kusajiliwa ni bure, kwa kubonyeza *147# kwenye simu yoyote, hata ile ya kitochi, au kupitia kwa mhudumu wa afya wa jamii anayepita majumbani. Akija mtu akikuambia umpe mia mbili ya fomu, hiyo mia mbili ni yake.

Nilijisajili tangu mwaka jana. Nilipolazwa nikaambiwa sijalipa. Kwani nilisajiliwa nini?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

SHA ina mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi, na pesa zake zinatoka serikalini. Huo ndio unaokuhudumia zahanati na kituo cha afya, yaani levo ya 2 na ya 3. Ukishasajiliwa tu, hata kama hujatoa senti, una haki ya kumwona mhudumu pale, kupimwa na kupewa dawa bila kulipa. Presha, sukari, kikohozi, kidonda cha mguu: anzia zahanati ya mtaani kwako.

Mfuko wa pili ndio bima yenyewe, SHIF, na huu ni wa waliolipa. Unaanzia levo ya 4 kwenda juu: hospitali ya King Fahad hapa Lamu, hospitali ya Malindi, na kwendelea. Kulazwa, upasuaji na kuoshwa figo viko hapa. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu yanayomaliza pesa. Kwa maradhi hayo sugu, unaingia pale ule wa pili unapofika kikomo chake.

Sasa mtazame bibi mwenye presha. Miezi yote anapita mbele ya zahanati, haingii, kwa sababu "pale hakuna daktari". Siku akizidiwa anapelekwa hospitali kubwa, na pale ndipo inajulikana amesajiliwa lakini hajalipa. Ameacha huduma ya bure akaenda kudaiwa kwenye ya kulipia. Simlaumu sana, maana zahanati nyingine huenda ukakuta dawa zimekwisha, nami nimeyaona hayo kwa macho yangu. Lakini kupimwa presha hakuhitaji dawa kuwepo. Nenda upimwe, uandikiwe kwenye daftari lako, urudi tena.

Mwanangu ameajiriwa Mombasa na anakatwa SHA kila mwezi. Mimi mamake si nimo?

Hapana mama, humo.

Hili ndilo jibu ninaloona tabu kulitoa, kwa sababu kwetu mzazi ndiye mwenye nyumba hata akiwa hana nyumba. Sheria inahesabu vingine. Kwenye bima ya mwanao wamo yeye, mkewe na watoto wao walio chini ya miaka 21, au mpaka 25 kama bado wanasoma, mradi hawana kipato. Mtoto mwenye ulemavu anayemtegemea anabaki bila kujali umri. Baba na mama hawamo. Hata mkiishi nyumba moja na kula chungu kimoja, bima ni mbili.

Juzi mama mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba yuko kwenye SHA ya bintiye, mwalimu. Tukabonyeza *147#, nikaingiza namba yake ya kitambulisho. Hakuwa amesajiliwa hata yeye mwenyewe. Alinyamaza, akajifunga leso vizuri, kisha akasema: "Basi niandike, mwanangu, kabla hajapiga simu."

Mwanao hawezi kukuingiza kwenye yake, lakini hakuna kinachomzuia kukulipia yako. Wewe unasajiliwa kwa kitambulisho chako, unapewa kiwango chako, yeye analipa kwa simu akiwa huko huko Mombasa. Ndugu wanne wakichangishana, kwa kiwango cha chini kabisa ni shilingi 900 kila mmoja kwa mwaka mzima. Wanaotuma pesa za futari kila Ramadhani hawashindwi na hizi.

Jambo moja dogo: usisajiliwe kwa namba ya simu ya mjukuu aliye safarini. Ujumbe wa kuthibitisha huenda kwenye namba ile. Nimekaa na mzee saa nzima tukimsubiri kijana aliyekuwa baharini arudi kwenye mtandao atusomee namba sita.

Na mume na mke je? Hao ni kaya moja, akilipa mmoja wote wawili wamo, mradi ameandikwa. Mjane na aliyeachika wajisajili wenyewe.

Mimi sina mshahara. Hicho kiwango wanakipata wapi?

Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Wewe mvuvi, msuka makuti, muuza mahamri, unapimwa uwezo: simu au mhudumu anakuuliza maswali juu ya kaya yako. Mko wangapi, ukuta ni wa nini, paa ni la nini, maji mnapata wapi, choo ni cha namna gani, usiku mnawasha nini. Majibu yanapigiwa hesabu na mtambo unakisia kipato chako, kisha unakutoza asilimia ile ile 2.75 ya kipato hicho. Kiwango hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka. Wengi wa hali ya chini huangukia hapo au juu yake kidogo.

Nyumba yangu ni ya mawe. Nimeambiwa nilipe zaidi ya jirani wa nyumba ya makuti, na yeye ana boti mbili!

Babu, hapa nakuunga mkono.

Maswali yale yanadhani ukuta wa mawe ni dalili ya pesa. Kwingi nchini huenda ni kweli. Lamu, ukuta wa matumbawe na boriti za mikoko ni urithi wa babu wa babu. Anayeishi ndani huenda ni mjane anayekula mlo mmoja, nyumba yenyewe ina warithi kumi na moja na mirathi haijagawanywa. Hana uwezo wa kuipaka chokaa, sembuse kuiuza, na mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuubomoa upendavyo. Mtambo haulijui hilo.

Kwa hiyo maswali yasijibiwe haraka haraka na mjukuu akiwa anatazama mpira. Kaa naye. Ukiulizwa mko wangapi, hesabu wote mnaolala na kula pale. Maji ya kisima yasiandikwe kuwa ya mfereji. Usidanganye, lakini usijipambe pia. Nawajua wazee wanaona haya kusema hawana choo cha ndani mbele ya kijana. Ukiona kiwango kilichotoka si chako, usilipe kwanza wala usinyamaze. Nenda kwa afisa wa SHA, au Huduma Centre iliyo karibu, uombe hesabu yako iangaliwe upya, na ueleze habari ya nyumba ya urithi kwa kinywa chako.

Na asiyekuwa na hata hizo 300?

Sheria inasema asiyejiweza alipiwe na serikali. Mwezi wa Oktoba 2025 ulizinduliwa mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wa hali hiyo nchi nzima. Huwezi kuuomba kama unavyoomba mkopo. Jina linatokana na ule upimaji wa uwezo na orodha za watu wasiojiweza. Ndiyo maana nasisitiza usajiliwe na upimwe hata kama unajua huna cha kulipa. Asiyekuwemo kwenye mtambo hawezi kuteuliwa. Halafu mwambie mhudumu wa afya wa jamii na mzee wa mtaa hali yako waijue.

Napokea Inua Jamii. Si ndiyo bima?

Inua Jamii ni shilingi 2,000 za kila mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa. Hizo ni pesa za kujikimu. Usidhani kwa kuzipokea tayari umelipiwa bima: bonyeza *147# uone hali yako, au mpe mhudumu akuangalizie.

Kitambulisho kinasema nina miaka 66. Nami niliota ndevu kabla ya uhuru.

Nakuamini. Wengi walikadiriwa umri na karani aliyetazama sura. Kwa SHA haidhuru, umri haukuzuii kusajiliwa wala kulipa. Kwa Inua Jamii inadhuru, na dawa yake ni kwenye ofisi ya usajili wa watu.

Elfu tatu na mia sita kwa mkupuo mmoja nitazitoa wapi?

Lalamiko hili lina haki yake. Mvuvi hupata leo akakosa kesho, na msimu wa kusi bahari ikichafuka hata hiyo leo haipo. Lakini kwa wasioajiriwa mchango ni wa mwaka mzima, unalipwa mbele.

Kuna njia inayoitwa Lipa SHA Pole Pole, iliyoanza 2025, nayo iko kwenye *147#. Unakopeshwa mchango wa mwaka, bima inaanza kufanya kazi, nawe unarudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, basi anayechelea riba asome masharti kabla ya kukubali na amuulize sheikh wake, mimi sitoi fatwa barazani. Njia ya kikwetu ni mchezo: kina mama watano wa mtaa wanachanga kila juma na anayepokea zamu yake analipa SHA kwanza kabla ya kununua kingine. Nimeliona likifanyika Langoni na halikuhitaji simu ya bei.

Usisubiri uumwe ndipo ulipe. Nampenda yule mzee fundi wa majahazi wa Matondoni aliyeniambia mtu hazibi chombo kwa kalafati akiwa katikati ya bahari.

Nikilazwa, bima inalipa zote?

Inalipa kwa viwango vilivyopangwa. Hospitali ya levo ya 4 hulipwa shilingi 3,360 kwa siku ya kulazwa. Kuosha figo ni shilingi 10,650 kwa kila mara moja. Hospitali ya serikali mara nyingi hujikimu ndani ya viwango hivyo. Ya binafsi inaweza kukudai cha juu, kwa hiyo swali la kwanza dirishani liwe: "Nikitumia SHA, mimi nitatoa ngapi?" Uliza kabla ya kupewa kitanda.

Kidole changu mashine haikisomi.

Kusuka makuti, kuvuta kamba za nyavu na umri wenyewe hulainisha alama za vidole mpaka zikafutika. Osha mikono, kausha, paka mafuta kidogo, ngoja dakika mbili. Jaribu vidole vyote kumi, kidole gumba cha kushoto mara nyingi huwa kimesalimika. Vikikataa vyote, usikubali kurudishwa nyumbani. Mwombe mhudumu atumie njia nyingine ya kukuthibitisha, na uwe na kitambulisho mkononi.

Nikipewa rufaa ya Mombasa?

Bima inakufuata mpaka hospitali kuu ya Pwani, bora barua ya rufaa uwe nayo. Isichokufuata ni nauli. Boti mpaka Mokowe, basi, chakula na malazi ya anayekuuguza ni juu yenu, na aghalabu huko ndiko pesa za watu zinakoishia. Wakati ndugu wanachangishana SHA, watenge na ya safari.

Nikianguka ghafla na sijalipa chochote, nitafukuzwa?

Hapana. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Watu wako wakupeleke, uhudumiwe, maneno ya bili yaje baadaye. Na bili ikiwashinda, hospitali za serikali huwa na afisa wa ustawi wa jamii anayesikiliza maombi ya msamaha. Mwulizeni kwa jina la kazi yake, maana ofisi yake mara nyingi iko nyuma kabisa na haina hata kibao mlangoni.