Ada ya maegesho: soma jedwali kabla ya kumlaumu kanjo

Kaunti yoyote ikipandisha ada ya maegesho, simu yangu huanza kulia. Swali ni lile lile: "Wakili, pesa hii si imezidi? Twende kortini?" Twende tukitaka, lakini tusiende na hoja hiyo. Kumwambia jaji kwamba ada ni ghali ni kumpa kazi isiyo yake. Ada nyingi zinazoanguka mahakamani huanguka kwa namna zilivyopitishwa.

Mamlaka yenyewe hayana utata. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linataja maegesho miongoni mwa kazi za kaunti, na Kifungu cha 209(4) kinairuhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa. Kiwango ndicho kinachowekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, inayopitishwa na bunge la kaunti. Kanjo, yaani askari wa kaunti, anayefunga gurudumu lako hakupanga bei, na gavana hawezi kuipanga peke yake.

Ukipata nakala ya sheria hiyo, ruka vifungu vya mbele uende moja kwa moja kwenye jedwali la nyuma. Humo utakuta ada ya kibanda cha mboga, ya kuchinja mbuzi, ya kuzika katika makaburi ya umma, kisha, katikati ya msururu huo, mstari mmoja: gari dogo, katikati ya mji, kwa siku. Namba iliyo mwishoni mwa mstari huo ndiyo unayoilipa kila asubuhi, na watu wanaoisoma ikiwa bado mswada ni wachache mno.

Namba hiyo imeyumba sana Nairobi. Mwaka 2013 ilitoka shilingi 140 hadi 300. Baadaye ikashuka hadi 200. Desemba 2019 kaunti ikataka 400, Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji, na madereva wakaendelea kulipa 200. Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha 300.

Kesi ninayoitegemea zaidi, hata hivyo, ni ya Kiambu. Aprili 2014 Jaji George Odunga alibatilisha Sheria nzima ya Fedha ya Kiambu ya 2013, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alieleza kwamba tangazo la kutimiza wajibu tu halitoshi: bunge la kaunti liwafuate watu walipo, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha za nyumbani. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye mwaka 2017. Tangu hapo kaunti zimejifunza kuacha ushahidi. Siku hizi kikao cha maoni ya umma huitishwa katika ukumbi wa wadi, katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Daftari la mahudhurio linazungushwa, unaandika jina na namba ya kitambulisho, kisha mjadala unahamia kwenye takataka na maji. Jedwali halifunguliwi. Kesi ikija, daftari lile ndilo litakalowekwa mbele ya jaji.

Kwa hiyo kalenda ina uzito. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bunge la kaunti lina siku 90 baada ya kupitisha sheria ya matumizi (ile ya bajeti) kuidhinisha Mswada wa Fedha. Mara nyingi dirisha lako la kutoa maoni basi ni Julai hadi Septemba. Ukisubiri hadi gari lifungwe klampu mwezi Januari, umechelewa.

Na ukienda kikaoni, usiseme "punguzeni" tu. Mimi, kwa mfano, siamini ada ya katikati ya mji iwe ndogo. Gari linaloshinda mbele ya duka kutwa nzima linamnyima mwenye duka wateja. Tatizo la Nairobi ni kutoza kwa siku: aliyesimama dakika kumi kuchukua dawa analipa sawa na aliyeegesha tangu asubuhi hadi jioni. Dar es Salaam wanahesabu kwa saa. Omba kanuni ya kutoza ibadilishwe, na utakuwa umeipa kamati kitu cha kujadili.

Wengi pia hudhani pesa hizo hutengwa kwa ajili ya kupaka rangi mistari na kuziba mashimo ya maegesho. La. Chini ya Kifungu cha 207 zinaingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti pamoja na mapato mengine, na huko zinagombaniwa na hospitali, mishahara na kila kitu. Ukitaka maegesho yatengenezwe, hilo lidai kwenye bajeti.

Maoni yako yaandike, yaelekeze kwa Karani wa Bunge la Kaunti, taja namba ya kipengele kwenye jedwali na kiwango unachopendekeza. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Nakala ile yenye muhuri ndiyo nitakayokuomba kwanza ukija ofisini kwangu.