Anayejiandaa kwa Mlima Elgon Ajifunze Kwanza Kushuka

Watembezi wanaofika katika kliniki yetu ya tiba ya viungo baada ya safari ya Mlima Elgon ni wachache mno wanaolalamikia kupanda. Wagagai, kilele chenye mita 4,321, walikifikia. Kilichowashinda ni kurudi. Mtu anapopanda, misuli ya mbele ya mapaja hujikaza ikifupika, lakini anaposhuka misuli hiyohiyo hujikaza huku ikivutwa, kwa kuwa ndiyo breki ya mwili mzima, na kazi ya namna hiyo huchanachana nyuzi zake ndogo. Maumivu hayaji papo hapo, bali hupamba moto kati ya siku ya kwanza na ya tatu, mtembezi akiwa bado njiani.

Misuli iliyowahi kushushwa mlima huzoea, na mteremko unaofuata hauiumizi sana kama wa kwanza. Kwa sababu hiyo tunashauri maandalizi ya wiki nane hadi kumi na mbili, yenye miteremko tangu mwanzo. Mkazi wa Mbale anao ukingo wa Wanale juu ya mji. Wa Kampala atumie vilima vya Kololo na Naguru, ingawa lami haimfundishi mtu kukanyaga mawe na mizizi. Nyumbani, simama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, kisha shusha kisigino cha mguu wa pili polepole hadi kiguse chini, ukihesabu mpaka nne. Goti likielekea ndani au likitetemeka, tafuta ngazi fupi zaidi.

Mzigo uongezwe kidogo kidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo vidumu ni mizani tosha: katika wiki za mwanzo panda navyo vikiwa vimejaa, uyamwage maji kileleni, kisha ushuke mkoba ukiwa mwepesi ili magoti yasielemewe mapema.

Viatu vijaribiwe mteremkoni, si dukani. Vidole vikigonga mbele, kucha zitakuwa nyeusi kabla ya safari kwisha. Zikate fupi, na ukaze kamba za kiatu upya kabla ya kuanza kushuka. Hata gambuti, ambazo kwenye matope ya Rwenzori hufaa kuliko buti za bei kubwa, huchubua mguu usiozizoea.

Jambo moja mazoezi hayalizuii: ugonjwa wa mwinuko, ambao unaweza kumpata hata mwanariadha akipita takriban mita 2,500. Mwenye kichwa kinachouma na kichefuchefu asiendelee kupanda. Akianza kupepesuka au kuongea ovyo, ashushwe saa ileile, hata ikiwa ni usiku.