Mbu Asiyekufa kwa Dawa: Maswali na Majibu Kuhusu Jeni za Usugu

Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao wakiwa watoto wadogo barani Afrika. Kinga iliyookoa maisha mengi zaidi tangu mwaka 2000 ni chandarua chenye dawa. Ndiyo maana swali hili linaumiza: mbona siku hizi mbu anatua kwenye neti, anatulia, kisha anaruka zake mzima? Jibu limo ndani ya jeni za mbu mwenyewe.

Mbu sugu ni mbu wa namna gani?

Ni mbu anayeguswa na kiasi cha dawa ambacho kilipaswa kumuua, lakini akabaki hai. Kwa macho humtofautishi na wenzake. Watafiti huwaweka mbu majike kwenye kichupa chenye karatasi iliyopakwa dawa kwa saa moja, kisha huwahesabu baada ya saa 24. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado ina nguvu. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika.

Kwa hiyo mbu wameizoea dawa?

Hapana, na hapa ndipo wengi tunapopotoka. Mbu mmoja mmoja haizoei dawa. Katika kundi kubwa la mbu, wachache huzaliwa na badiliko dogo kwenye jeni zao. Mahali pasipo na dawa, badiliko hilo haliwapi faida yoyote, na pengine huwadhoofisha. Dawa ikiingia, wenzao wanakufa, wao wanabaki na kuendelea kutaga. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 50 hadi 200 kwa mkupuo mmoja, na penye joto yai huwa mbu mpevu kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Piga hesabu ya vizazi vingapi vinapita kwa mwaka, utaona jinsi wachache wale wanavyogeuka kuwa wengi. Dawa haikuwafundisha kitu. Iliwaondoa wapinzani wao tu.

Wala si dawa ya kwenye neti pekee inayofanya kazi hiyo ya kuchuja. Viuatilifu vya mashambani vinaposombwa na maji hadi kwenye madimbwi, viluwiluwi hukutana na sumu za jamaa moja na zile za kwenye neti kabla hata hawajaota mabawa.

Badiliko hilo liko wapi mwilini mwa mbu?

Liko sehemu zaidi ya moja, na ndiyo sababu kazi ni ngumu.

Dawa zinazotumika zaidi kwenye vyandarua ni za kundi la pairethroidi. Zinashambulia neva. Kwenye neva za mbu kuna vilango vya protini vinavyofunguka na kufunga ili kupitisha sodiamu, na kwa njia hiyo ujumbe husafiri mwilini. Pairethroidi hujipachika kwenye kilango na kukizuia kisifunge. Neva hupiga bila kukoma, mbu anatetemeka, anaanguka. Sasa, jeni yenye maelekezo ya kutengeneza kilango hicho ikibadilika herufi moja tu, dawa haishiki tena vizuri. Badiliko hili huitwa kdr. Mwaka 1998 watafiti walieleza kwamba kwa mbu *Anopheles gambiae* wa Afrika Magharibi, kwenye nafasi ya 1014 ya protini hiyo, asidi amino (tofali la kujengea protini) iitwayo lusini imepokewa na nyingine, fenilalanini. Mwaka 2000 ikaripotiwa kutoka Kenya kwamba nafasi ni ileile, ila aliyeingia ni serini. Kwa kuwa DDT, kiuadudu cha zamani, nayo hulenga kilango hichohicho, mbu mwenye kdr anaweza kuzikwepa zote mbili.

Njia ya pili ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Mbu, kama sisi, ana vimeng'enya vya kuvunjavunja sumu, na kundi maarufu ni P450. Kwa mbu sugu, jeni zake hufanya kazi kupita kawaida, hivyo dawa inavunjwa kabla haijafika kwenye neva. Kwa *Anopheles funestus* wa kusini mwa Afrika, jeni iitwayo CYP6P9a imechunguzwa sana, na sasa kuna kipimo cha DNA kinachoonyesha kama mbu ana toleo lake lenye nguvu. Kwangu mimi, usugu huu ndio wa kutisha zaidi, kwa sababu ukiungana na kdr ndani ya mbu mmoja, neti ya kawaida hupoteza sehemu kubwa ya makali yake.

Kuna pia mbu wenye ganda nene la nje linalochelewesha dawa kupenya. Na mwaka 2020 iligunduliwa kwamba baadhi ya mbu wana protini nyingi kwenye miguu, SAP2, inayoinasa pairethroidi palepale mguu unapogusa neti.

Jeni hizi zinasafiri?

Ndiyo. Ramani kamili ya jeni za *Anopheles gambiae* ilichapishwa mwaka 2002. Mwaka 2017 ukatoka uchambuzi wa jeni za mbu 765 waliokamatwa porini katika nchi nane za Afrika. Ulionyesha kuwa mabadiliko ya kdr yalizuka zaidi ya mara moja, kila mara kivyake, kisha yakasambaa kwa kujamiiana, hata kuvuka kutoka spishi moja ya mbu kwenda nyingine ya jamaa yake.

Nikiumwa na mbu sugu, jeni zake zinaniingia? Malaria yake ni kali zaidi?

Jeni za mbu haziwi zako. Malaria pia hutibiwa kwa dawa zilezile. Usugu wa mbu kwa kiuadudu ni jambo moja, na usugu wa vimelea vya malaria kwa dawa za kunywa ni jambo jingine kabisa.

Utafiti huu unamsaidiaje mtu aliyelala kitandani?

Unasema ni neti ipi ipelekwe wapi. Ikijulikana kwamba mbu wa eneo fulani wanajikinga kwa vimeng'enya vya P450, hutumika chandarua kilichoongezwa PBO, kemikali inayovifunga vimeng'enya hivyo mikono ili pairethroidi ifanye kazi yake.

Lakini habari inayonifurahisha zaidi ni ya klofenapiri. Dawa hii, inapoingia mwilini mwa mbu, haijawa sumu kamili. Vimeng'enya vya P450 ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu inayozima uzalishaji wa nguvu ndani ya seli. Silaha ambayo mbu anaitumia kuvunja pairethroidi ndiyo inayomuua. Katika jaribio lililofanyika Misungwi, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2022, watoto waliopewa neti zenye pairethroidi pamoja na klofenapiri walipata malaria kwa asilimia 44 pungufu katika miaka miwili, ikilinganishwa na waliopewa neti za pairethroidi peke yake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza neti hizo kwa maeneo yenye mbu sugu.

Basi neti yangu ya zamani niitupe?

Tafadhali usiitupe kabla hujapata nyingine. Neti isiyotoboka ni ukuta, na mbu sugu hana jeni ya kupenya ukuta. Isitoshe, kimelea huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Mbu aliyeguswa na dawa, hata asipokufa usiku ule, anaweza kudhoofika na kufa kabla ya siku hizo kutimia. Shona matundu, fua kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kung'arishia, anika kivulini.

Na mbu wa dengi?

*Aedes aegypti* naye ana mabadiliko kwenye kilango kilekile cha sodiamu, japo mara nyingi ni katika nafasi nyingine, kama 1016 na 1534. Kwa kuwa yeye huuma zaidi mchana, neti ya usiku haitoshi. Kufunika na kumwaga maji yaliyotuama kunafanya kazi kwa mbu sugu na asiye sugu sawasawa.

Klofenapiri nayo haitashindwa?

Inaweza, hasa ikitumika peke yake, kila mahali, kwa miaka mingi. Kwa hiyo mbu huendelea kukamatwa na kupimwa katika vituo vya uchunguzi hata pale neti mpya zinapofanya vizuri. Jeni ya usugu ikionekana kwa mbu wachache, bado kuna nafasi ya kubadilisha dawa kabla watoto hawajaanza kuugua.