Kabla gari la zimamoto halijafika mtaani kwenu

Ukipiga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, tueleze kwanza mlipo. "Njooni Manzese, kunaungua" haitutoshi. Taja mtaa, kituo cha daladala, msikiti au shule iliyo karibu, kisha kinachoungua na kama kuna mtu ndani. Simu usiikate mpaka uambiwe. Halafu kijana mmoja akimbie barabarani atupokee.

Mimi ni askari wa zimamoto hapa Dar es Salaam, na najua jinsi dakika zinavyopotea ukishaiacha lami. Tandale na Vingunguti kuna vichochoro ambavyo hata bajaji hupita kwa taabu. Gari letu linabaki barabarani, sisi tunakokota mipira ya maji kwa mikono. Tukikuta rundo la mchanga au kibanda katikati ya njia, moto unahamia chumba cha pili. Wenzangu wamewahi kupokelewa kwa mawe eti wamechelewa. Inauma, maana mikono ile ile ingeweza kutusaidia kuvuta mpira.

Linaloninyima usingizi zaidi ni grili za madirisha. Wezi wapo, simlaumu anayeziweka. Ila kila chumba cha kulala kiwe na grili moja ya kufunguka kwa ndani, na ufunguo utundikwe pale mtoto anapoufikia lakini mkono wa mtu wa nje hauufiki. Jaribuni usiku mmoja, taa zimezimwa, watoto waupapase wenyewe. Kama hawaupati gizani, kwenye moshi hawataupata kabisa.

Jikoni, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutanda sakafuni. Ukisikia harufu, zima moto wowote unaowaka, funga valvu, fungua milango na madirisha, toa watu. Swichi ya umeme usiiguse, hata kwa kuzima taa, maana cheche moja inatosha. Kila ukibadilisha mtungi, pakaza povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regileta. Likitoa mapovu, panavuja. Kupima kwa kiberiti ni kutafuta msiba.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwagie maji. Maji huzama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kuurusha moto hadi darini. Zima jiko, funika kikaangio kwa mfuniko au sinia la bati, uache kipoe hapo hapo. Usikibebe kukitoa nje.

Kikao kijacho cha serikali ya mtaa, ombeni ofisa wa kituo cha zimamoto kilicho karibu aje mchana. Mwenyekiti na wajumbe watembee naye vichochoroni, wakubaliane gari litasimama wapi, mpira upite wapi, na kibanda cha nani kisogezwe.