Albamu ya roki haisubiri studio ya Dar: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

Tabora ni mji wa bendi. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitoka hapa, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikazifikisha nchi nzima. Leo wapo vijana wa Isevya, Cheyo na Ng'ambo, wengi wao walioshika gitaa kwa mara ya kwanza kanisani, wanaotaka kupiga roki: gitaa lenye mkwaruzo, drams nzito, sauti ya kupaza. Nafurahi sana kuwasikia. Kinachoniumiza ni kuona miaka inapita, albamu haitoki, na sababu wanazozitoa nyingi si za kweli.

Inayowafunga zaidi ni hii: "Hatuna hela ya studio kubwa ya Dar." Albamu ya kwanza ya bendi ya Nirvana ya Marekani, Bleach, iliyotoka 1989, iligharimu dola 606.17 kurekodiwa. Albamu ya kwanza ya bendi iitwayo Boston, ya mwaka 1976, sehemu kubwa yake kiongozi wao, Tom Scholz, aliirekodi kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, huku akiwa bado mhandisi wa kampuni ya Polaroid. Imeuza nakala zaidi ya milioni 17 Marekani pekee. Scholz alikuwa amezifanyia kazi nyimbo zile kwa miaka, akijua kila gitaa linaingia wapi. Kinachokula pesa studio ni muda. Bendi inayoanza kubishana kuhusu kiitikio baada ya maiki kuwashwa inalipia ubishi wake.

Ndiyo maana nasisitiza kambi, yaani mazoezi ya pamoja kabla ya kuingia studio. Wengi wanaamini bendi huingia studio kwenda kutunga, na wakitajiwa Beatles husema wao walikaa miezi wakijaribu vitu. Walikaa kweli, kuanzia mwishoni mwa 1966 hadi Aprili 1967 kwa ajili ya Sgt. Pepper, lakini wakati huo walikuwa bendi kubwa kuliko zote duniani na hakuna aliyethubutu kuwatoa studio. Walivyoanza haikuwa hivyo. Albamu yao ya kwanza, Please Please Me, ina nyimbo 14, na 10 kati ya hizo walizirekodi kwa siku moja, tarehe 11 Februari 1963, kuanzia asubuhi hadi usiku. Waliweza kwa sababu walishapiga usiku baada ya usiku kwenye kumbi za Hamburg na Liverpool. Pink Floyd nao walizipiga jukwaani nyimbo za The Dark Side of the Moon tangu Januari 1972, na albamu ikatoka Machi 1973. Bendi zetu za dansi zililijua hili bila kufundishwa na mtu. Wimbo ulipikwa ukumbini mbele ya wachezaji, na siku ya kurekodi redioni bendi nzima ilipiga kwa mkupuo mmoja, waimbaji na vyombo pamoja.

Siku hizi si lazima iwe mkupuo. Drams na besi hutangulia, magitaa yakafuata, sauti mwisho, kila kimoja kwenye traki yake, na aliyekosea anarudia kipande chake tu. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu, na wapo wanaoona kupiga pamoja ni ushamba. Njia zote mbili zimezaa albamu nzuri. Ila kwa bendi changa yenye drams za kukodi, ushauri wangu ni kuzimaliza drams za nyimbo zote kwanza, kwa siku moja au mbili, kisha magitaa yarekodiwe taratibu hata chumbani, kwa kompyuta ya kawaida na kadi ya sauti.

Kuna jambo la prodyuza ambalo hapa kwetu linachanganywa sana, na chanzo chake ni Bongo Fleva. Tumezoea prodyuza kuwa mwenye biti: msanii anakuja na mashairi, muziki anaukuta kwenye kompyuta. Bendi ya roki inakuja na muziki wake. Prodyuza wake ni sikio la nje, mtu anayesema ubeti wa tatu hauna kazi, mpiga solo anaongea mno, wimbo uanze taratibu zaidi. George Martin aliwafanyia Beatles kazi hiyo. Bob Rock aliifanya kwa bendi ya Metallica kwenye albamu yao ya 1991, na walivutana naye hasa. Kushika mitambo ni kazi ya fundi sauti, hata kama mara nyingi mtu mmoja hubeba zote mbili. Kijana wa Tabora asiyeweza kumlipa prodyuza mwenye jina anaweza kumwita mzee aliyepiga dansi miaka 30. Hajui roki, lakini anajua wimbo unachosha wapi.

Imani nyingine ni kwamba masta ni kupandisha sauti hadi mwisho. Kumiksi ni kupanga traki ndani ya wimbo. Masta ni kuziweka nyimbo zote zilingane na zifuatane vizuri kama albamu. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki walilalamika kwamba sauti imebanwa mpaka inapasuka, na walioisikia kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero wakasema humo ndimo inasikika safi. Leo kelele hata haina faida: Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, huzishusha nyimbo zenye sauti kubwa mno hadi takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Wimbo uliobanwa hushushwa, na unabaki umebanwa.

Wengine husema: "Albamu ikishakamilika tunaipandisha mtandaoni usiku huohuo." Hapana, jamani. Tangu Julai 2015 albamu nyingi duniani hutoka Ijumaa, na ukitaka wahariri wa Spotify wausikie wimbo wako kabla haujatoka, unatakiwa kuuwasilisha angalau siku 7 kabla. Picha ya jalada, majina ya watunzi na namba ya utambulisho ya kila rekodi, ile yenye jumla ya herufi na tarakimu 12 (ISRC), viwe tayari mapema.

Na wanaosema roki si muziki wa kwetu wawatazame majirani zetu wa Zambia. Walikuwa na Zamrock, roki ya Kizambia, miaka ya 1970. Bendi ya WITCH ilirekodi albamu kadhaa enzi hizo, na mwaka 2023 ikatoa nyingine, Zango.

La mwisho linavunja bendi nyingi kuliko umaskini: kudhani kwamba aliyelipia studio ndiye mwenye nyimbo. Sheria inatofautisha utunzi na rekodi. Aliyetunga ana haki yake hata kama hakutoa senti, na mwenye rekodi ana yake. Wanabendi wa R.E.M. ya Marekani walijiandika wote wanne kuwa watunzi wa nyimbo zao, wakagawana sawa. Si lazima mfuate mgawo huo, lakini andikeni karatasi moja yenye majina, asilimia na saini kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, kila mtu abaki na nakala, kisha nyimbo zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.