“Bruda, upadre lini?” Tunayokosea kuhusu Fransisko wa Asizi na ndugu zake

Semina ya siku moja parokiani kwetu ilipokwisha, mama mmoja wa jumuiya yangu alimfuata bruda, yaani mtawa asiye padre, wa Wakapuchini, tawi mojawapo la Wafransisko, aliyekuwa ametufundisha. Bruda alikuwa ameinama anakunja nyaya za kipaza sauti, pindo la kanzu yake ya kahawia amelichomeka kwenye kamba ya kiunoni lisiguse vumbi. Mama akamshika mkono, akamwuliza kwa upole wote: “Na wewe upadre lini, mwanangu?” Bruda akainuka, akatabasamu. “Mama, mimi nilishafika.” Mama akaitikia “haya,” lakini macho yake yalibaki na huruma, kama anamtazama kijana aliyefeli mtihani.

Mimi ni Mfransisko Msekulari, yaani mlei wa ule utawa ambao wazee wetu wanauita Utawa wa Tatu. Ni mwaka wa 14 tangu nitoe ahadi, na swali lile nalisikia kila mara. Haliniudhi. Linaniuma tu, kwa sababu ndani yake limepotea neno ambalo Fransisko wa Asizi, mwanzilishi wetu, alilichagua kwa makusudi: ndugu. Alipolipa kundi lake jina, aliliita Ndugu Wadogo. Mengi tunayokosea juu yake na juu ya wanaomfuata yanaanza pale tunapolisahau jina hilo.

Dhana: bruda ni padre ambaye hakumaliza

Ukweli ni kwamba Fransisko mwenyewe hakuwa padre. Alikuwa shemasi, akaishia hapo. Usiku wa Noeli mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, aliandaa hori lenye majani makavu, ng’ombe na punda wakaletwa, na Misa ikaadhimishwa juu ya hori hilo. Aliyeadhimisha alikuwa padre mwingine. Fransisko alivaa mavazi ya shemasi, akaimba Injili, akahubiri. Kila mwaka tunapotengeneza pango la Noeli kanisani tunamkumbuka mtu ambaye usiku ule hakuwa mwadhimishaji.

Kati ya wenzake wa mwanzo alikuwamo Bernardo, tajiri wa mji wa Asizi, na alikuwamo Silvestro, padre. Wakavaa nguo ya aina moja, wakaitana ndugu. Kanuni aliyoiandika mwaka 1221 inasema asiwepo wa kuitwa mkubwa, wote waitwe ndugu wadogo, na kila mmoja amwoshe mwenzake miguu. Hata vyeo alivyoweka vinasema hivyo hivyo. Kiongozi wa jimbo, yaani kanda ya shirika, au wa shirika zima anaitwa mhudumu. Mkuu wa nyumba anaitwa gwardiani, maana yake mlinzi. Kazi yake ni kuwatunza wenzake, basi.

Mambo hayakubaki hivyo. Ndugu Elia, aliyeliongoza shirika kuanzia mwaka 1232, hakuwa padre. Alipoondolewa mwaka 1239 uongozi ulikwenda kwa mapadre, na mabruda wakazidi kusukumwa pembeni kwa karne nyingi: jikoni, bustanini, mlangoni. Hapo ndipo ilipozaliwa ile huruma ya mama yule. Sheria za Kanisa zikaja kulihesabu shirika kuwa la kiklero, yaani la kuongozwa na mapadre, kwa hiyo bruda hakuweza kuwa mkuu wa mapadre. Tarehe 18 Mei 2022 Papa Fransisko alilegeza sharti hilo, na sasa mashirika ya namna hii yanaweza, kwa kibali cha Vatikani, kumpa bruda uongozi hata wa jimbo au wa shirika zima. Kwangu mimi ni habari kubwa kuliko ilivyotangazwa. Mlango uliofungwa katika karne ya 13 umefunguliwa tena.

Na hao waliosukumwa mlangoni? Konrad wa Parzham alikuwa bruda Mkapuchini huko Ujerumani. Kwa miaka 41 kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Altötting, kuwapa maskini mkate na kuwasikiliza wageni. Alifariki mwaka 1894, na mwaka 1934 alitangazwa mtakatifu. Mtakatifu wa kwanza wa Wakapuchini, Felix wa Cantalice, naye alikuwa bruda, mwombaji wa mkate katika mitaa ya Roma.

Dhana: Fransisko ni mtakatifu wa ndege na wanyama

Simulizi za ndege zipo, na za zamani. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache tu baada ya kifo chake, anaeleza jinsi alivyowahubiria ndege karibu na Bevagna. Lakini chukua Wasia wake, maandishi aliyoyaacha karibu na kufa, uone anaanzia wapi. Anaanza na wagonjwa wa ukoma. Anasema kwamba zamani, alipokuwa bado katika dhambi, kuwaona tu kulikuwa kuchungu mno kwake. Bwana akamwongoza kati yao, naye akawatendea huruma. Alipoondoka, kile kilichokuwa kichungu kilikuwa kimegeuka utamu wa roho na mwili. Ndege hawamo.

Tena kuna ule utenzi wake wa viumbe, alioutunga mwaka 1225 akiwa mgonjwa, macho yameharibika hata mwanga unamuumiza. Usome taratibu. Kuna kaka jua, dada mwezi na nyota, kaka upepo, dada maji, kaka moto, dada yetu mama ardhi. Kuna wanaosamehe kwa ajili ya upendo wa Mungu. Mwisho kuna dada kifo cha mwili. Hakuna mnyama hata mmoja. Mtu ambaye jua linamchoma macho analiita kaka: hapo kuna kitu kizito kuliko kupenda vinyama. Amevihesabu vitu vyote kuwa ndugu kwa sababu Baba ni mmoja.

Yohane Paulo II alipomtangaza kuwa msimamizi wa watunza mazingira mwaka 1979 alikuwa na haki, na Papa Fransisko akachukua maneno ya utenzi huo, “Laudato si’”, kuwa jina la waraka wake wa mwaka 2015. Ila anayepanda miti huku akimkwepa jirani mwenye vidonda bado hajakutana na Fransisko.

Dhana: Sala ya Amani aliitunga yeye

“Ee Bwana, unifanye chombo cha amani yako.” Tunaisali misibani, kwenye harusi, mashuleni. Haimo katika maandishi yake. Chapa ya kwanza inayojulikana ni ya mwaka 1912, kwa Kifaransa, katika jarida dogo la Kikatoliki la Paris lililoitwa La Clochette, bila jina la mtunzi. Baadaye ikachapwa nyuma ya picha ya Fransisko, na watu wakaona picha na sala ni vya mtu mmoja. Endeleeni kuisali, ni sala njema. Mimi huisali kila siku.

Hali ni hiyo hiyo kwa msemo unaopendwa kwenye mahubiri, eti alisema tuhubiri Injili siku zote, na ikibidi tutumie maneno. Hakuna mahali alipoandika hivyo. Aliandika kwamba ndugu wote wahubiri kwa matendo, lakini aliwataka pia wahubiri wao watumie maneno, machache na yaliyopimwa vizuri. Yeye mwenyewe alihubiri viwanjani mpaka mwili ukamshinda.

Dhana: umaskini wao ni kuomba-omba, tena wa kinafiki kwa sababu wana magari

Hili husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na wakristo wazuri kabisa. Nalijibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa aliyeuliza hajakosea kuuliza.

Kanuni iliyothibitishwa na Papa Honori III tarehe 29 Novemba 1223 inasema ndugu wataishi katika utii, bila kitu cha kwao, na katika usafi wa moyo. Maneno ni hayo: bila kitu cha kwao. Bruda anayefundisha shule hupokea mshahara, lakini mshahara ni wa nyumba. Gari analoendesha leo, kesho litaendeshwa na mwenzake, na akihamishwa anaondoka na begi lake. Kuhusu fedha Fransisko alikuwa mkali mno, aliwakataza kupokea hata sarafu. Alikuwa mtoto wa Pietro di Bernardone, mfanyabiashara wa vitambaa, akakulia dukani. Aliyaona mwenyewe mambo ambayo fedha huwafanyia watu.

Kuomba hakukuwa kazi yao ya kwanza. Katika Wasia anasema alifanya kazi kwa mikono yake na bado anataka kufanya kazi, na kwamba asiyejua kazi ajifunze. Ni pale ujira unapokosekana ndipo waende kwenye meza ya Bwana, yaani wapite mlango kwa mlango. Na aliwaonya wasiwadharau wala kuwahukumu watu wanaovaa vizuri na kula vizuri, kila mtu ajihukumu mwenyewe. Wafransisko wa karne ya 15 walikwenda mbali zaidi. Walisukuma kuanzishwa kwa mifuko ya kuwakopesha maskini kwa riba ndogo ili waokoke na wakopeshaji wakali, kama ule wa Perugia wa mwaka 1462. Sisi wa VICOBA tunaelewa vizuri thamani ya kitu kama hicho.

Je, kuna nyumba zilizolegea? Zimekuwapo tangu zamani, na wa kwanza kulalamika ni ndugu wenyewe. Ndiyo maana leo kuna familia tatu za Ndugu Wadogo. Mwaka 1517 Papa Leo X aliwatenganisha Wakonventuali na wengine waliotaka kuishika kanuni kwa ukali. Mwaka 1528 Wakapuchini nao wakapata kibali chao, wakitaka umaskini na upweke wa sala zaidi. Ugomvi wa miaka 800 juu ya mali ni ushahidi kwamba swali halijawahi kufa ndani ya shirika.

Dhana: alikwenda kumkemea Sultani

Mwaka 1219, vita vya msalaba vikiwa vimepamba moto huko Damietta nchini Misri, Fransisko alivuka mstari wa vita bila silaha akaenda kwa Sultani al-Kamil. Wengine wanasimulia safari ile kama mashindano ya dini, wengine kama mazungumzo tu ya kirafiki. Askofu Jacques de Vitry, aliyekuwa kule vitani, ameandika kwamba Sultani alimsikiliza na kumrudisha salama kambini. Fransisko alikwenda akitaka kumtangaza Kristo na akiwa tayari kufa. Hakuficha hilo. Lakini aliporudi aliandika katika kanuni ya 1221 namna ndugu wanavyopaswa kuishi kati ya Waislamu: wasianzishe mabishano wala ugomvi, wawe chini ya kila kiumbe kwa ajili ya Mungu, wakiri kwamba ni wakristo, na wanapoona inampendeza Mungu watangaze neno. Sisi wa pwani, tunaokopeshana chumvi na sukari na majirani Waislamu na kuzikana, tungeisoma sura hiyo mara nyingi zaidi.

Machache ya haraka

Wafransisko si wamonaki. Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho ni wamonaki, mtu huweka nadhiri ya kudumu katika monasteri yake, ilhali Ndugu Wadogo ni watu wa kutumwa huku na huko. Wakapuchini wa Uswisi waliingia Dar es Salaam mwaka 1921, baada ya Wabenediktini Wajerumani kuondolewa kwa sababu ya vita. Askofu mkuu wa kwanza wa Dar es Salaam, Edgar Maranta, alikuwa Mkapuchini, na Askofu mkuu Jude Thaddaeus Ruwa’ichi ni Mkapuchini pia. Papa Fransisko, kwa upande wake, alichukua jina tu. Yeye alikuwa Mjesuiti.

Mtakatifu Antoni wa Padua ni Ndugu Mdogo, tena mzaliwa wa Lisbon. Wanaosema Fransisko alichukia elimu wasome barua fupi aliyomwandikia Antoni: anafurahi awafundishe ndugu teolojia, mradi wasizime roho ya sala.

Na si shirika la wanaume peke yao. Klara wa Asizi aliandika kanuni ya masista wake mwenyewe. Papa aliithibitisha tarehe 9 Agosti 1253, siku mbili kabla Klara hajafa. Afrika Mashariki tunaye Mama Kevin, sista Mfransisko kutoka Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1903 na kuanza kutibu wagonjwa chini ya mwembe huko Nsambya. Mwaka 1923 akaanzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko huko Nkokonjeru.

Dhana: alikuwa mtu wa huzuni aliyeuchukia mwili

Aliutesa mwili wake, kweli, akauita kaka punda. Karibu na mwisho akakiri kwamba alimkosea punda huyo sana. Akiwa anakufa pale Porziuncola, kwenye kikanisa kidogo karibu na Asizi, alitaka amwandikie barua mwanamke wa Roma aliyeitwa Jakopa, mjane tajiri na rafiki yake wa siku nyingi, aje na kitambaa cha kumzikia, mishumaa, na vile vitamu vya lozi alivyozoea kumpikia. Barua haijatumwa bado, Jakopa akabisha hodi, na vitu vyote amevibeba. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia ndani. Fransisko akasema katazo hilo halimhusu Ndugu Jakopa.

Alionja kidogo tu, hakuwa na nguvu ya kula. Jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, akiwa amelazwa juu ya ardhi tupu kama alivyoomba, akaaga. Katika nyumba za Kifransisko jioni hiyo husomwa habari ya kufa kwake. Mwaka jana kwetu aliyeisoma alikuwa bruda yule yule wa nyaya. Mama yule wa jumuiya alikaa benchi la mbele, na ibada ilipokwisha alimpelekea visheti kwenye kifuko, akamwita “ndugu yangu.”