Baba yuko misheni, mtoto hana wa kucheza naye

Baba mwanajeshi akienda misheni, yaani kulinda amani nje ya nchi, kuna watu wazima ambao lazima watamwambia mtoto wa kiume, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba." Mimi ni mshauri nasaha wa shule ya msingi yenye watoto wengi wa wanajeshi, na kauli hiyo ningeipiga marufuku kama ningeweza. Mtoto wa miaka tisa anaichukua kweli: anaacha kucheza, anawahi nyumbani kumlinda mama, na muda si mrefu hana mwenzake hata mmoja.

Wanajeshi wetu wanaokwenda kulinda amani Lebanon au Jamhuri ya Afrika ya Kati huondoka kwa miezi mingi. Simu zipo, lakini Berberati, huko Afrika ya Kati, ambako kikosi cha Tanzania kimekuwa kikilinda amani, wako nyuma yetu kwa saa mbili. Baba akipata nafasi saa mbili usiku, huku ni saa nne. Mtoto ama kashalala, ama anazuiwa asilale. Kesho yake anasinzia darasani, na mapumziko yanamkuta kalalia dawati. Wenzake wanasema anaringa.

Watoto wa kota za jeshi wana nafuu, maana kwa jirani nako kuna baba aliyeondoka au aliyerudi juzi. Wanaoniumiza kichwa ni wa uraiani, waliopanga mtaa ambao hakuna anayejua misheni ni nini.

"Nenda ukacheze na wenzako" haisaidii. Kombolela ina wenyewe; mgeni atatafutishwa mpaka achoke. Mimi humtafutia mwenzake mmoja, na kazi ya watu wawili. Mvulana wa darasa la nne nilimpa kumwagilia mchicha wa shule na msichana mmoja anayeongea kama redio. Ndoo moja, wanabeba wawili. Mwanzoni maneno yalikuwa ya ndoo tu: "Inua upande wako, unanimwagia!" Kisha siku moja msichana akauliza, "Baba yako huko anakula ugali?" Mimi ningemuuliza anajisikiaje, naye angenijibu "vizuri, mwalimu", kama wanavyojibu wote.

Mvulana hakujua, akaenda kumuuliza baba. Mama yake anasema simu ya siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote.

Kina mama, simu zihamishieni Jumamosi au Jumapili mchana. Na huyo rafiki akija nyumbani msimfukuze, hata kama anakula sana.